Uzamili wa ubunifu wa bidhaa ng'ambo: uchague chuo gani, na je, baba auze kiwanja?

Dada mmoja mwenyeji wa Jinja, aliyehitimu shahada ya sanaa na ubunifu wa viwandani katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, ameniandikia kwamba tangu amalize masomo amekuwa akifanya kazi katika karakana ya vyuma huko Katwe, Kampala, ambako huchora na kusimamia utengenezaji wa vitanda vya hospitali, viti vya shule na matoroli ya wauza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Anataka kusomea shahada ya uzamili ya ubunifu wa bidhaa za viwandani nje ya nchi. Katika orodha yake mna Delft ya Uholanzi, Milano ya Italia, na chuo kimoja cha Uingereza chenye kozi ya mwaka mmoja. Mjomba wake anamhimiza aende India, na baba yake yuko tayari kuuza kiwanja chao cha Mukono ili alipe karo. Anauliza achague nini, na kama kiwanja hicho kiuzwe.

Dada, kiwanja kisiuzwe, na sababu zake nitazieleza kwa hesabu hapo chini. Kuhusu kozi, ushauri wangu ni kwamba uichague kwa kuitazama kazi ambayo leo huwezi kuifanya na ambayo ungependa kuiweza utakaporudi karakanani. Jina la chuo, mji kilipo na nafasi yake katika zile orodha za ubora zinazochapishwa kila mwaka ni mambo ya kutazamwa baadaye, na baadhi yake si lazima kuyatazama kabisa, kwa kuwa orodha hizo hazipimi kama chuo kina karakana ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kuingia usiku.

Sababu ya kuanza na kazi ni kwamba kozi zinazobeba jina hili moja hufundisha mambo yanayotofautiana sana. Ichukue Delft yenyewe, ambayo kitivo chake cha uhandisi wa ubunifu wa bidhaa kilianzishwa mwaka 1969. Hapo pana shahada tatu za uzamili, kila moja ya miaka 2 na krediti 120 za Ulaya. Integrated Product Design humchukua mwanafunzi kutoka kwenye wazo hadi kwenye kitu kinachoweza kutengenezwa kiwandani, pamoja na nguvu za malighafi, viungo, gharama na namna ya kukiunganisha. Design for Interaction inahusu mtu na namna anavyokitumia kitu hicho. Strategic Product Design inahusu kampuni, soko na uamuzi wa bidhaa ipi itengenezwe na kwa nini. Mtu aliyesoma ya tatu akitarajia kujifunza kutengeneza kalibu za plastiki atarudi na elimu nzuri ambayo hakuikusudia. Nimewaona vijana wenye bidii wakisoma kwa miaka 2 kozi iliyowafaa wenzao, na kosa lilikuwa kuridhika na neno moja lililokuwamo kwenye jina la kozi.

Kwingine ndivyo ilivyo. Royal College of Art na Imperial College London zimekuwa zikiendesha pamoja kozi ya Innovation Design Engineering tangu mwaka 1980, na mhitimu wake hupewa shahada mbili, moja ya sanaa na moja ya sayansi, baada ya miaka 2. Humo wahandisi na wasanii hukaa meza moja, na uvumbuzi hupewa uzito kuliko umaliziaji. Taasisi ya ubunifu ya Umeå, kaskazini mwa Uswidi, inasifika kwa umbo, uchoraji wa mkono na utengenezaji wa vielelezo, na ina kozi mahususi ya ubunifu wa vyombo vya usafiri. Politecnico di Milano ina kozi ya Design & Engineering inayoshirikisha waalimu wa uhandisi wa mitambo na wa malighafi, ilhali Politecnico di Torino ina Systemic Design, inayotazama jinsi taka na mabaki ya kazi moja yanavyoweza kuwa malighafi ya kazi nyingine.

Sasa tutazame kazi yako. Katika karakana yako kitu hutengenezwa kimoja kimoja, au kumi kwa kumi, kwa msumeno, keekee, mashine ya kukunja bomba na fundi wa kuchomelea ambaye jicho lake ndilo kipimo. Kitanda cha tatu hakilingani sana na cha kwanza, na mteja halalamiki kwa sababu kinasimama. Ninavyolisoma swali lako, tatizo linalokusumbua linaanza pale mteja anapoagiza vitanda 200 vinavyofanana, vyenye magurudumu yanayoweza kubadilishwa bila kukata chuma, kwa bei ambayo haimuumizi yeye wala mwenye karakana. Hapo ndipo kuchora vizuri kunapoacha kutosha. Panahitajika ujuzi wa vishikizi vya kuchomelea vinavyofanya kila kipande kikae mahali pake, wa vipimo vyenye kiasi cha kosa kinachoruhusiwa, wa majaribio ya uzito na uchovu wa chuma, yaani kinavyodhoofika kwa kubebeshwa mzigo tena na tena, na wa kuamua ni sehemu ipi inunuliwe tayari na ipi itengenezwe. Kwa hiyo, ikiwa nimekuelewa sawasawa, kozi zinazokufaa ni zile zilizoegemea upande wa uhandisi na utengenezaji. Katika orodha yako hizo ni Integrated Product Design ya Delft na Design & Engineering ya Milano. Ikiwa moyo wako uko zaidi kwa muuguzi anayekisukuma kitanda hicho na mgonjwa anayekilalia, jibu litageuka, nawe ndiwe unayejua moyo wako uko wapi.

Kozi isomwe kwa kutazama inachotoa. Tafuta miradi ya mwisho ya wahitimu wa miaka mitatu iliyopita, ambayo vyuo vingi vya ubunifu huionyesha hadharani, ukae nayo jioni kadhaa. Jiulize: ni mingapi kati ya hiyo ingeniletea fahari kama ingekuwa yangu? Je, vitu vimetengenezwa kweli, vina mikwaruzo ya kujaribiwa, au ni picha za kompyuta zinazong'aa tu? Kisha chukua mgawanyo wa krediti. Katika mfumo wa Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima una krediti 60. Ukikuta kwamba katika krediti 120 studio na karakana zimepewa 20 tu na zilizobaki ni semina na maandishi, umeshajua utakachokuwa ukifanya. Tazama pia mradi wa kuhitimu. Huko Delft una krediti 30, yaani nusu mwaka kamili, na mara nyingi hufanywa pamoja na kampuni au taasisi, jambo ambalo kwako lina thamani kubwa kwa sababu ungeweza kuomba ufanywe juu ya tatizo la Uganda. Mwisho, waandikie wahitimu wawili watatu, hasa waliotoka Afrika au Asia Kusini, na uwaulize jambo moja tu: mashine za karakana mlizitumia kwa mikono yenu, au fundi wa chuo ndiye aliyewafanyia?

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na kozi ya mwaka mmoja ya Uingereza. Miezi 12 ni michache kwa mtu anayetaka kubadili namna anavyotengeneza vitu. Muhula wa kwanza hupita katika kuzoea, wa pili katika mradi mmoja au miwili, na kiangazi huishia kwenye tasnifu. Kwa mtu mwenye uzoefu mwingi wa kiwandani, ambaye anahitaji kupanga mawazo yake na kupata cheti, mwaka mmoja unatosha. Kwako naona hautoshi. Hata hivyo ipo sababu moja nzito ya kuufikiria, nayo ni ufadhili wa Chevening, ambao hulipia uzamili wa mwaka mmoja nchini Uingereza kwa Waganda wenye angalau miaka 2 ya uzoefu wa kazi, kwa sharti la kurudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo. Kwa kuwa hulipia mwaka mmoja tu, kozi ile ya miaka 2 ya London haimo. Ukipata Chevening, nenda, lakini chagua chuo chenye karakana kubwa, kama vile Loughborough, na uingie ukiwa na mradi wako tayari kichwani ili miezi isikuponyoke.

Twende kwenye fedha, kwa kuwa hapo pana kiwanja cha mzee. Karo ya Delft kwa mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya imevuka euro 20,000 kwa mwaka. Kwa makadirio ya shilingi 4,000 za Uganda kwa euro moja, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 80 kwa mwaka na milioni 160 kwa kozi nzima, kabla hujala wala kulipa chumba, na vyumba vya wanafunzi Uholanzi ni haba na ghali. Kiwanja kikilipa mwaka wa kwanza na mwaka wa pili ukakosa mlipaji, utarudi Jinja bila shahada na bila kiwanja, na mdogo wako atakayefuata hatakuwa na cha kuuziwa. Tena kanuni za uhamiaji za nchi nyingi za Ulaya humtaka mwanafunzi aonyeshe fedha za kujikimu kabla ya kupewa kibali, kwa hiyo kuanza safari na nusu ya fedha kwa matumaini ya kupata kibarua ni mpango unaoweza kukwama hata kabla ya kupanda ndege. Delft yenyewe ina ufadhili kamili unaoitwa Justus & Louise van Effen, wa wachache sana wenye alama za juu. Omba, lakini usiufanye kuwa nguzo ya mpango wako.

Italia ina utaratibu ambao familia nyingi za Kiganda hazijausikia, nao ndio unaonifanya niiweke Milano juu ya Delft kwako. Vyuo vya umma vya huko hutoza karo kwa kutazama kipato cha familia, na katika Politecnico di Milano hata kiwango cha juu kabisa ni takriban euro 4,000 kwa mwaka. Zaidi ya hapo, mikoa hutoa ruzuku za haki ya kusoma, ambazo humwondolea karo mwanafunzi mwenye kipato kidogo, humpa posho, na wakati mwingine chakula na chumba cha bweni, bila kujali anatoka nchi gani. Masharti yake ni ya karatasi. Vyeti vya kipato, mali na idadi ya watu wa nyumbani hupaswa kutolewa na mamlaka za Uganda, kutafsiriwa na kuthibitishwa kupitia ubalozi wa Italia mjini Kampala, na kazi hiyo huchukua miezi, kwa hiyo huanzwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Lipo pia jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari Milano: fungu la kwanza la posho huweza kuchelewa hadi majira ya baridi yameanza, na asiyefikisha idadi ya krediti zinazotakiwa kwa mwaka huweza kunyang'anywa ruzuku. Uwe na fedha za kujikimu kwa miezi ya mwanzo. Mzee akitaka kusaidia, akusaidie hapo, kwa mkopo mdogo wa SACCO au kodi ya nyumba, na ardhi ibaki.

Uswidi pia iangalie. Taasisi ya Uswidi hutoa ufadhili wa uzamili kwa wataalamu kutoka nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, na hutaka angalau saa 3,000 za kazi pamoja na ushahidi wa uongozi, ambao wewe unao kwa kuwa unasimamia mafundi. Si kila kozi imo katika orodha yao ya kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kuipenda Umeå, au Lund yenye uzamili mzuri wa ubunifu wa bidhaa, hakikisha kozi hiyo imo. Ujerumani nitaipita haraka. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini kozi nyingi za ubunifu hufundishwa kwa Kijerumani, na mwombaji wa viza hutakiwa kuweka euro 11,904 katika akaunti maalumu ya kujikimu kwa mwaka.

Mjomba wako asipuuzwe. Taasisi ya National Institute of Design ya Ahmedabad ilianzishwa mwaka 1961, baada ya wabunifu wa Marekani Charles na Ray Eames kuiandikia serikali ya India mwaka 1958 ripoti iliyokichunguza chombo cha maji cha kienyeji, lota, na kueleza ni kwa nini umbo lake limefaa mikono ya watu kwa vizazi. Pale IIT Bombay, taasisi ya teknolojia, kituo cha ubunifu wa viwandani kilianza mwaka 1969. Hizi ni taasisi zilizojengwa kwa swali lile lile linalokukabili Katwe, yaani namna ya kutengeneza kitu bora katika nchi yenye mafundi wengi, mitaji midogo na wanunuzi wanaohesabu kila shilingi. Bodaboda ya Bajaj Boxer inayokupeleka kazini ni zao la India, na wepesi wa kuitengeneza chini ya mti kwa spana tatu haukutokea kwa bahati. Mwanafunzi anayesomea mahali ambapo wahandisi wanafikiri hivyo hujifunza mambo ambayo Delft, pamoja na ubora wake wote, haina sababu ya kuyafundisha. Serikali ya India hutoa ufadhili kupitia Baraza la India la Mahusiano ya Utamaduni, ICCR, na Waganda wengi wamesomeshwa kwa njia hiyo. Angalia tu kama taasisi unayoitaka inapokea wanafunzi kupitia ufadhili huo, kwa maana zipo zenye utaratibu wao wa kuwapokea wageni. Kama ningelazimika kukupangia, ningesema Milano kwanza kwa ruzuku, India ya pili na karibu sana na ya kwanza, Uswidi sambamba nazo, na Delft kama ufadhili wake utapatikana.

Chochote utakachochagua, kitakachokuingiza ni jalada la kazi zako, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo waombaji wetu wanapopoteza nafasi wanazostahili. Wengi hutuma picha 30 za vitu vilivyomalizika, vimesafishwa na kupigwa rangi, bila kueleza vilifikaje hapo. Mkaguzi hana haja na picha nyingi hivyo. Chukua miradi minne au mitano, na mmoja wapo uwe toroli la rolex, kwa sababu ni kitu ambacho hakuna mwombaji wa Seoul wala São Paulo atakayekuwa nacho.

Lieleze hivi. Anza na muuzaji mwenyewe akiwa kazini usiku, kando ya barabara: sigiri iko mbele yake, upepo unaupeperusha moto upande mmoja, naye ameuzuia kwa kipande cha boksi kilichoungua ukingoni. Trei ya mayai imewekwa chini kwa sababu juu hakuna nafasi, unga uliokandwa umefunikwa kwa kitambaa, na kila chapati inamtaka ainame mara mbili. Onyesha vipimo ulivyochukua, kimo cha kiwiko chake na umbali wa mkono wake hadi kwenye mafuta. Onyesha gurudumu dogo lililokwama kwenye changarawe siku askari wa jiji walipowahamisha wauzaji. Kisha onyesha toroli la kwanza ulilotengeneza, pamoja na kasoro zake, labda mpini ulioshika joto au rafu iliyozuia majivu yasitolewe, na ueleze ulibadili nini katika la pili na kwa nini. Weka gharama ya bati na bomba kwa shilingi, na saa za kuchomelea kabla na baada ya mabadiliko. Michoro ya kalamu yenye madoa ya grisi iache ilivyo. Mkaguzi anayesoma majalada mengi kwa siku atasimama hapo, kwa kuwa ameona mtu anayetazama, anayepima na anayerekebisha, na hayo ndiyo anayoyatafuta.

Taja wazi ni sehemu ipi ilikuwa yako na ipi ilikuwa ya fundi au ya mwenye karakana, na uombe ruhusa ya kutumia picha. Katika barua ya maombi usiandike kwamba unapenda ubunifu tangu utotoni; andika kuhusu vile vitanda 200, na ueleze ni maarifa gani ya kozi hiyo mahususi yatakayokuwezesha kuvitengeneza.

Kabla ya kukubali nafasi yoyote, fika katika ofisi za Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ambazo ziko Kyambogo ulikosomea, ukaulize kuhusu chuo na aina ya shahada, kwa sababu ndilo linalotoa ulinganisho wa vyeti vya nje. Jambo hili lina uzito zaidi ikiwa una nia ya kufundisha Kyambogo au katika shule ya sanaa ya Margaret Trowell pale Makerere. Na kama nia yako ni kiwanda, zungumza mapema na watu wa Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda pale Nakawa, na wa kampuni ya magari ya Kiira Motors ambao kiwanda chao kiko kwenu Jinja, uwaulize wanakosa watu wenye ujuzi gani. Majibu yao yanaweza kukusaidia kuchagua kozi kuliko ukurasa wowote wa chuo, na yanaweza kuzaa mada ya mradi wa kuhitimu.

Kuhusu ratiba, maombi mengi ya Ulaya kwa masomo yanayoanza Septemba hufungwa kati ya Novemba na Aprili ya kabla yake, maombi ya Uswidi yakifungwa katikati ya Januari. Nakala rasmi ya matokeo iombe sasa kutoka kwa msajili wa Kyambogo, na mtihani wa Kiingereza ufanye mapema, kama chuo kinautaka, ili ubaki na muda wa kuurudia. Barua mbili za mapendekezo ziombe kwa watu wanaoijua kazi yako kwa karibu, mmoja akiwa mwalimu aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho na mwingine mwenye karakana, hata kama hajazoea kuandika barua za namna hiyo. Keti naye, mkumbushe kazi mlizofanya pamoja, naye aieleze kwa maneno yake siku ambayo kitanda kilirudishwa na hospitali nawe ukakitafutia dawa.